Kibuyu cha Mama na Bidhaa za Makaburini

Sisi wa nyumba yetu tulitawanywa na mafaili ya ukimbizi. Mama alipelekwa Columbus, mimi Buffalo, na kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya kama tunavyoita kwetu, Louisville. Kwa hiyo tuligombana kwa simu, na ugomvi wa simu hauishi, maana kila mtu akikasirika anakata.

Tuligombania kitu kimoja tu: kibuyu cha maziwa. Mama alikitoa milimani kwetu Kivu ya Kusini, akakibeba mgongoni kama mtoto hadi kambini, na kutoka kambini hadi Amerika. Ugonjwa ulipomzidi nilimtembelea kwenye nyumba yake ya kupanga, mtaa wa Linden, akanishika mkono. "Nikienda, niende nacho," akasema. "Usinizike mikono mitupu." Nikakubali. Ahadi ni deni, na mimi si mtu wa kumdanganya mgonjwa.

Yaya hakutaka kusikia. Yeye ni shemasi. "Bon, sisi ni bakristo," aliniambia. "Hatuzike mutu na vyombo. Tena batoto yetu wataona nini ya kwetu? Hakuna kingine." Hilo la pili liliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Siku hizo nilikuwa nasafisha jumba moja la makumbusho hapa Buffalo. Wakaleta maonyesho ya vitu vya Waavari na Wahungari wa kale, watu wa farasi na mifugo walioishi Ulaya zaidi ya miaka elfu iliyopita. Bango la mlangoni lilisema kwa Kiingereza "grave goods", yaani "bidhaa za makaburini", ndivyo nilivyolielewa mimi, maana nilikuwa nimetoka kufanya kazi ghalani kule Cheektowaga, na neno lile lile, "goods", ndilo tulilotumia kwa mizigo ya kupakia. Nikadhani vinauzwa. Nikamuuliza msimamizi ni nani anayenunua kisu chenye kutu, akacheka mpaka akaketi, ndipo akaniambia ni vitu walivyozikwa navyo wafu.

Nilikasirika sana. Nikaanza kujisomea vibao mwenyewe, neno kwa neno, huku napangusa vioo. Wanaume walizikwa na mikanda yenye vipande vya shaba, wengine na farasi wao. Wanawake walikuwa na shanga, sindano na vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi. Na mmoja niliyempenda alikuwa amewekewa chungu kidogo miguuni, cha chakula cha njiani.

Nikampigia yaya, nikamweleza habari za watu hao. "Unajua walichowaachia watoto wao kiko wapi? Kimepotea. Kilichobaki ni kile walichopewa wafu."

"Na hao wafu wako nacho?" akauliza. "Si wamekichimbua, kiko kwa kioo, na wewe ndiye unakipangusa?"

Nilikata simu.

Wiki mbili baadaye mama alifariki. Nilifika Columbus kabla ya yaya, na asubuhi ya mazishi wale wa nyumba ya maiti waliniacha naye peke yangu, sanduku likiwa wazi. Nilikuwa nimechukua kibuyu nyumbani kwake na kununua maziwa dukani, nikayamimina kibuyuni hadi shingoni, maana kwetu mtu hapewi chombo cha maziwa kikiwa kitupu. Ni kumtakia njaa. Nikakikaza kifuniko, nikakiweka miguuni pake chini ya shuka, kama nilivyoona kwenye kioo. Ndipo nikasikia sauti ya yaya mlangoni.

Alisimama akimtazama mama kwa muda mrefu. Halafu akaona shuka imetuna upande wa miguu. Akanitolea macho, akaifunua.

"Toa hii kitu."

"Sitoi."

"Basi nitatoa mimi. Batu ya kanisa wako nje."

Akakishika shingo, akakivuta kama mtu anayeinua chombo kitupu, kikamlemea. Akabaki amekishika hivyo hivyo. "Kuko nini ndani?"

"Maziwa."

Uso ukambadilika. Yaya alichunga ng'ombe tangu utoto. Anajua kuwa maziwa mtu akishakabidhiwa, hapokonywi wala hayamwagwi. Ukifanya hivyo umemlaani. Wanaume wawili wenye suti nyeusi wakaingia, wakauliza kama tuko tayari. Niliogopa kuliko siku zote za kambini, na nilikuwa namwomba Mungu jambo ambalo shemasi yule angeliita upagani.

"Nani alikuambia kwa miguu?" yaya akauliza kwa hasira.

"Niliona kwa makumbusho. Wale watu wa kale..."

"Wale ni watu ya nani? Mama ni imbwa, umuwekee chakula kwa miguu?"

Akazunguka sanduku, akakilaza kibuyu ubavuni pa mama, upande wa kuume, akamkunjia mkono juu yake, vile alivyokuwa akikipakata akisuka maziwa yatoe siagi. Akajaribu kifuniko kwa kidole kama kimekaza. Kisha akawaambia wale wanaume wafunge.

Kifuniko cha sanduku kilipokaa, yaya aliangua kilio, bila kujali nani yuko nje. Nikamshika bega.

"Sasa hatuna kitu," akasema. "Hata kimoja."

"Najua, yaya," nikamwambia. Nilikuwa nimeshinda, na nililia kuliko yeye.