Tezo la Mtu Mrefu

Nakumbuka asubuhi moja kuku wa mama alinichungulia kupitia ubavuni mwa mashua ya baba yangu. Usicheke kwanza, mjukuu wangu. Hapakuwa na tundu pale mpaka nilipolitoboa mwenyewe, na kuku yule alikuwa ndani, ametulia juu ya mayai yake.

Umekuja kuniomba tezo langu ukachonge mbao za chombo chako kilichochakaa. Nitakujibu, lakini kaa kwanza unywe kahawa.

Ilikuwa miaka ile Bagamoyo ilipojaa wapagazi, kabla Wadachi hawajaushika mji. Baba alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, na mashua yake ilikuwa uani kwetu juu ya magogo, chini ya banda la makuti, mwaka wa pili haijagusa maji. Aliiunda kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimeposa Saadani, binti aitwaye Mwanaidi, na nilimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Baba yake alinikubali kwa sharti moja: nije kumchukua binti kwa mashua ya baba, kabla ya mwezi wa Ramadhani. "Chombo kile nakijua," alisema. "Wewe bado sijakujua." Na huko Pangani alikuwako binamu wa Mwanaidi aliyekuwa akimtaka pia, mwenye mashua nzima isiyohitaji hata msumari. Zilibaki wiki tatu tu kufika mfungo.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Vifaa vya baba vilikuwamo kikapuni: tezo la mpini mfupi, mweusi kwa jasho lake, nyundo ya mti, na chembeu, ile patasi butu ya kushindilia pamba kati ya mbao. Nilivitazama nikaona haya. Unaniona nilivyo, hata ujanani nilikuwa hivi hivi, urefu Mungu aliwapa wengine. Niliona kwamba nikishika mpini mfupi ule mbele za watu, ufupi wangu utatangazwa mji mzima. Basi nikaenda kwa fundi mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa kuinama kila mlango, nikampa joho langu jipya, naye akanipa tezo lake linalong'aa, la mpini mrefu, pamoja na nyundo nzito ya chuma. Sikupima wala sikujaribu. Nilipenda tu nilivyoonekana nimelibeba begani nikipita njia ya sokoni.

Kesho yake niliwaita rafiki zangu waje waone fundi. Nikasimama, nikainua tezo, nikashusha. Mpini ulinizidi. Tezo likaenda upande, likazama kwenye ubao mzima wa mvule usio na kosa lolote. Nikalivuta, likagoma. Nikaligonga kwa ile nyundo ya chuma ili litoke, ubao ukapasuka, kipande kikaanguka, na hapo ndipo kuku alipotoa kichwa. Rafiki zangu walilala chini kwa kucheka. Mimi nilitaka kulia, maana nilishamwona Mwanaidi amekaa kwenye mashua ya Pangani.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliwaaga rafiki zangu kwa adabu, yaani aliwafukuza, kisha akanigeukia.

"Tezo hilo limetengenezwa kwa ajili ya nani?"

"Fundi wa mtaa wa pili, mama."

"Ana mikono mirefu?"

"Mirefu."

"Na wewe?"

Nikaificha mikono yangu nyuma. Akaingia ndani akaleta kikapu cha baba. "Baba yako alikuwa mfupi kukushinda," akasema, "na mashua hii aliiunda amechutama. Mpini huu aliukata kwa kipimo cha mkono wake, kutoka kiwiko mpaka vidole. Siku ya kushusha chombo watu walitazama kama kinavuja. Hakuna aliyetazama kimo chake. Haya, chutama."

Nikachutama. Nikapiga taratibu, na ubao ukatoa maganda membamba kama ya kitunguu. Nilihisi kama baba amenishika mkono, na hapo nililia kweli, sikufichi. Mama alijifanya anafukuza kuku.

Nilichonga kiraka mpaka kikakaa vizuri kwenye tundu langu. Nilipotaka kuendelea kung'oa mbao nyingine, mama akanizuia. "Mgonjwa umeshamuuliza anaumwa wapi?" Akawaita wanawake wa jirani, wakaleta maji ya kisimani mtungi kwa mtungi, wakayamimina ndani ya mashua. Ilivuja kila mahali, nikashika kichwa.

"Subiri," mama akasema. "Ina kiu ya miaka miwili."

Siku ya tatu mbao zilikuwa zimevimba na kubanana, na palipobaki panavuja ni mistari miwili tu karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Tukayamwaga maji, tukaacha pakauke kidogo, nikashindilia pamba yenye mafuta kwa chembeu na nyundo ya mti, kisha tukapaka shahamu na chokaa. Basi. Katika mashua nzima, ugonjwa mkubwa ulikuwa ule nilioutia mwenyewe.

Saadani tulifika siku nne kabla ya mfungo. Nikampa baba mkwe shikamoo, akaitikia marahaba, akapanda chomboni. Akatia kiganja chini ya mbao za sakafu, kikatoka kikavu. Kisha akaona kiraka.

"Na hapa?"

Ningeweza kusingizia mwamba. Nilimkumbuka mama na mwiko wake. "Hapo nilipasua mwenyewe, baba, kwa tezo la mtu mrefu."

Alinitazama kutoka miguuni mpaka kofiani, safari ambayo haikumchukua muda, akacheka mpaka akakaa chini. "Leo nimekujua," akasema. "Nenda kamchukue mkeo."

Hiyo ndiyo nasaha yangu, mjukuu wangu. Usikimbilie vifaa kabla hujakijua chombo. Kijaze maji, kisubiri, kikuonyeshe kinapoumwa. Ndipo uchague kifaa, na ukichague kwa mkono wako, si kwa macho ya wapita njia. Kikikuzidi kiache, hata kama kinang'aa. Na ukiharibu, sema umeharibu. Mimi neno hilo moja ndilo lililonipa mke.

Ama tezo uliloniomba, wewe kwa kimo umemfuata bibi yako Mwanaidi, ambaye mpaka leo huniangalia kwa juu. Mpini huu utakuvunja mgongo. Chukua chuma chake. Kilikuwa cha baba yangu na sasa ni chako. Mpini niachie mimi. Nenda kakate wako, kiwiko mpaka vidole. Mungu aibariki mikono yako, akupe chombo kikavu na mtu wa kumpakia ndani yake, na siku ya kukishusha, mje mnichukue na mimi. Amina.