Siku Niliyotembea Osaka kwa Simu

Mjukuu wangu alikuwa anasoma Japani, na siku ile alikuwa anatembea Osaka na marafiki zake watatu. Akanipigia simu ya video ili nitembee nao. Wakanionyesha ngome ya zamani na mto. Wakala pweza wa kuchoma, mimi nikala kwa macho. Majina ya wale marafiki niliyashika palepale, na mpaka leo ninayo.

Mimi nilikuwa Hillbrow, mtaa wa Johannesburg, Afrika Kusini, ghorofa ya pili. Mwanangu, baba yake, kila akienda kazini alifunga geti la chuma la mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo. Alisema ni kwa usalama wangu, maana wakati ule wageni kama sisi, tuliotoka nchi nyingine, walikuwa wanapigwa. Mjukuu hatukumwambia. Angejua, angeacha masomo arudi.

"Koko, sasa zamu yako," akasema mjukuu; ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Shuka, tuonyeshe barabara yenu."

Nikapeleka simu dirishani. Nikawaonyesha mama wa nyanya, fundi cherehani na mlinzi wa jengo la mbele, kila mmoja kwa jina lake, maana nilikuwa nawasikia wakiitana. Langu wao hawakulijua.

"Huyo mama wa nyanya, shuka umsalimie. Marafiki wanataka kumwona karibu."

"Goti linaniuma, mama," nikamjibu mjukuu wangu.

Kwenye simu, marafiki walikuwa bado wananipungia mikono. Mjukuu akaacha kutembea.

"Goti lipi, Koko?"

Nilikuwa sijachagua bado.