Sailensa Aliyonifungia Ndugu wa Ziwa Moja

Mama yangu alitunyonyesha wawili. Jirani yetu alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mama, aliyekuwa na mimi mchanga mkononi, akamchukua na yule mtoto wa kiume akampa ziwa. Kisharia ni ndugu yangu. Mimi mbele yake sijitandi mtandio, naye kwetu Jomvu Kuu huingia hata hodi hapigi.

Ukubwani akawa fundi wa magari, na gereji yake iko Changamwe. Mimi nilipata kazi ya kushughulikia mizigo bandarini, na nilipofika umri ambao wenzangu hujenga nyumba za kupangisha, nikajinunulia gari la milango miwili, jekundu, lililolala chini, mbio zake si za kusimuliwa. Watu walisema waliyosema. Mama alicheka tu. "Furaha yako, mwanangu. Lakini liendeshe polepole."

Gari lilikuwa na miaka yake, na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Sailensa, lile kopo la nyuma linalotuliza mlio wa injini, ikaoza mpaka ikatoboka. Nikampelekea ndugu yangu.

Alinipangia tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa fupi, inang'aa kama sufuria mpya. Akaninyanyulia usoni.

"Chungulia. Waona mwanga upande wa pili?"

"Naona."

"Basi hiyo itanguruma. Moshi wapita moja kwa moja, hakuna cha kuuzuia."

Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa nene, nzito, haina sura. Nikachungulia, giza tupu.

"Nipe hii," nikamwambia. "Wajua hali ya mama. Presha yake haitaki kishindo, na gari nalilaza ukutani pa chumba chake."

"Dada, mama yako si ndiye mama yangu? Wallahi hatasikia kitu. Niachie funguo, uje baada ya adhuhuri."

Nilirudi nikakuta kazi imekwisha. Akawasha, gari likaguna kwa upole. Nikamshukuru kwa moyo mmoja.

Wiki ya tatu mlio ulianza kubadilika. Ulianza kwa kukwaruza, ukawa mzito, na mwisho nilikuwa nikiwasha asubuhi kuku wanatawanyika uani. Nikampigia. Akasema chuma kipya hujizoesha, nisubiri. Nikasubiri, kwa sababu ni yeye. Mama hakusema neno. Ila nilimwona ameanza kuamka mapema na kwenda kukaa jikoni, mbali na ule ukuta.

Siku moja nikiwa kwa shangazi Utange, fundi jirani yake, mtu wa bara, alisikia gari likiingia akaja mwenyewe. Akalala chini, akafungua skrubu, akaitoa sailensa.

"Madam, hii ilipasuliwa ikachomelewa tena. Angalia huu mshono, umepakwa rangi juu. Kuta za ndani zimetolewa, wakajaza pamba ya godoro. Pamba imeungua yote."

Akaninyanyulia usoni. Niliona mwanga mpaka upande wa pili.

Nilikwenda Changamwe moja kwa moja. Nje ya gereji walikuwa vijana wawili na gari lao, na mmoja aliponiona akasema kwa furaha, "Ni huyu mwenye ile nyekundu! Fundi, nasi tufanyie kama alivyokuomba dada."

Kama nilivyomuomba. Ndugu yangu akaangalia chini.

"Uliwaambia nilikuomba?"

"Dada, gari kama lile kuliziba mdomo ni dhambi. Nilitaka watu wasikie kazi yangu. Nikajua utazoea."

"Na mama?"

Akapangusa mikono kwa kitambaa. "Sikudhani yafika mpaka ndani."

Sikumtukana. Nilitamani nimtukane, nikaingia garini badala yake. Alikuwa amelala chumba kile cha mama utoto wake wote. Ukuta ule aujua unene wake.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni, anachambua mchicha. Nikamwomba msamaha kwa kelele, nikamwambia nitabadilisha. Akaniangalia kwa mshangao.

"Kwani huipendi? Ndugu yako alinambia ni wewe uliyetaka hivyo. Ndipo nikanyamaza, nisikuharibie furaha yako."

Nikainama nikachambua naye. Sikumwambia ukweli. Ningemwambia, ningemvunjia heshima mwanawe mmoja mbele ya macho yake.

Yule fundi wa Utange alinitafutia sailensa ya kiwandani kutoka gari lililogongwa, na mama akarudi kulala mpaka jua litoke. Idi ilipofika, ndugu yangu alikuja na kanzu mpya, akaingia bila hodi, akamwamkia mama shikamoo, naye akamshika kichwa akamwombea dua. Mimi nilimletea sahani ya biriani. Nilikuwa nimejitanda mtandio mpaka kidevuni, kama ninavyofanya mbele ya mwanamume asiye ndugu yangu.

Aliona. Akaivuta sahani, akala.