Sauti Moja ya Ulaya

Nilisikia viatu vikigonga sakafu ya kanisa letu la Manga kabla sijamwona mjumbe wa Ulaya. Alitueleza kwamba nchi zao huzungumza na ulimwengu kwa sauti moja, nami nikatafsiri kwa Ekegusii.

Mama akauliza kama sauti hiyo ingemrudisha kaka yangu, aliyeahidiwa kazi ya ulinzi ng'ambo lakini waliomwajiri wakamtupa vitani, mpakani mwa nchi hizo za Ulaya.

“Tuna wasiwasi mkubwa,” mjumbe alijibu kwa tabasamu lililopigwa pasi. “Lakini lazima nchi zote zikubaliane kwanza.”

Nilipotafsiri, akina mama waliokuwa kanisani waliguna.

“Mwambie wasiwasi ninao mwenyewe, mwanangu, tena bila jeshi,” Mama alisema. “Nilikuja kutafuta kingine.”

Mjumbe akatazama saa. Mama akajitanda leso, akatoka, akaubamiza mlango.