Mbwa Watatu wa Anti Elmina

Meneja wa shamba moja la chai alipomaliza kazi na kurudi kwao Uingereza, watu waliomfanyia kazi nyumbani waligawiwa vitu. Dereva alipata friji. Mtu wa bustani alipata kitanda cha chuma pamoja na godoro. Anti yangu Elmina, dada ya baba, ambaye alikuwa amempikia meneja tangu mimi sijazaliwa, aliulizwa anataka nini. Akasema anataka mbwa.

Walikuwa watatu. Kila mtu pale shambani alijua mambo yanavyoenda: mzungu akiondoka bila mbwa wake, askari anaitwa na bunduki. Anti alikuwa amewapikia wale mbwa uji wa mifupa kila siku, na hakutaka kuusikia mlio huo. Akawatembeza hadi kwake Kapsoit, wawili kwa kamba, wa tatu ndani ya kikapu cha kuchumia chai.

"Mama Kiptum, wenzako wamepewa friji," jirani yake, Mzee Johana, alimwambia kutoka ng'ambo ya ua. "Wewe umepewa midomo mitatu ya kulisha."

"Friji haibweki mwizi akija," Anti akajibu, akapita.

Mimi nilianza kwenda kwake kila likizo nikiwa kidato cha kwanza. Kwetu Siongiroi mbwa ni mbwa. Anafunguliwa jioni, anarushiwa ugali uliobaki, na akiugua analala chini ya mti mpaka apone au asipone. Kwa Anti nilikuta kila mbwa ana mambo yake, na yeye anayajua kama mama anavyojua ni mtoto gani hali maharagwe.

Meja alikuwa Alsesheni, mkubwa kama ndama. Watu walimwogopa kwa sababu asubuhi alikuwa ananguruma ukimkaribia kwa nyuma. Niliambiwa ni mkali kwa tabia. Anti akaniambia nimtazame anavyoinuka, na nikamtazama. Miguu ya mbele ilisimama kwanza, halafu akangoja kidogo, ndipo ya nyuma ikafuata, kama babu anayetoka kwenye stuli. "Nyonga zinamuuma," Anti alisema. "Hawa wakubwa wanazaliwa nazo hivyo. Na huku kwetu baridi ya asubuhi haihurumii mtu. Wewe ukiumwa mgongo, nikuguse mgongo, si utaningurumia?" Akawa anamlaza jikoni juu ya magunia karibu na meko, na jua likitoka, Meja alikuwa mpole hata kuku walimpanda.

Yule wa kikapu alikuwa mrefu kwenda mbele na mfupi kwenda juu, na watoto wote wa mtaa walimwita Soseji. Huyo shida yake ilikuwa mgongo. Aliwahi kuruka kutoka kwenye pikapu ya meneja, miguu ya nyuma ikakataa kufanya kazi wiki nzima, kwa hivyo Anti hakumruhusu kushuka hata ngazi. Alibebwa. Na kwa kuwa alibebwa, alijiona chifu. Aliuma viatu vya wageni, viatu tu, hasa vya wachungaji.

Wa tatu alikuwa Boni. Boni alikuwa koli, mbwa wa kuchunga kondoo, mwenye manyoya marefu na pua nyembamba, mzuri mpaka watu walisimama barabarani. Lakini kwa Anti hakukuwa na kondoo, na damu yake haikutulia. Alichunga kuku. Alichunga bata wa Mzee Johana bila kuombwa. Siku moja alitufuata kwenye kituo cha kuuzia chai, akakuta watu wametawanyika na vikapu vyao wakipiga hadithi, akawazunguka polepole akiwasukuma kwa pua kwenye magoti, mpaka karani alipoinua kichwa akakuta laini imenyooka. Karani alisema mbwa huyo aandikwe kazi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Agosti ya mwaka wa tisini na sita, Boni alipoanguka.

Nilikuwa wa kwanza kumwona. Alikuwa anatembea kama mlevi kando ya boma la ng'ombe, akagonga mti wa ua, akarudi nyuma, akaugonga tena. Macho yalikuwa wazi na makubwa lakini hayakuona. Mate yalimtoka mpaka kifuani. Mjukuu wa Mzee Johana, Kipkurui, mtoto ambaye hajaanza hata nasari, alikuwa amemshika shingo akijaribu kumwelekeza njia, na mkono wake wote ulikuwa umelowa mate.

Mzee Johana alimnyakua mtoto. Hakupiga kelele. Alisimama mbali akasema kwa sauti ndogo, "Mama Kiptum, huyo ana kichaa."

Anti alitoka jikoni na unga mikononi.

"Ndugu yangu alikufa kwa huo ugonjwa kule Sigor," Mzee Johana akaendelea. "Nilimshikia kikombe cha maji na akaogopa maji. Mimi siwezi kuona hiyo mara ya pili. Nipe ruhusa nimmalize, au nimwite askari wa chifu."

Sikujua Anti angesema nini. Alimtazama Boni, ambaye sasa alikuwa amelala ubavu miguu ikitetemeka, akamtazama mtoto. Halafu akamwambia Tecla, mke wa Mzee Johana, amwoshe mtoto mkono kwa sabuni na maji mengi, wampeleke dispensari sasa hivi, wasingoje. "Mbwa ni wangu," akamwambia Johana. "Wacha aje daktari wa mifugo. Akisema ni kichaa, nitamshika mwenyewe mkimuua."

Tukamfungia Boni kwenye banda la ndama kwa kumburuta juu ya gunia, tukiwa tumevaa mifuko ya plastiki mikononi. Mzee Johana akakaa nje ya banda kwenye stuli yake, rungu magotini, kuhakikisha mlango haufunguki.

Daktari Onyancha alifika na pikipiki yake akiwa amelowa mvua. Alikuwa mtu wa Kisii, mwenye sauti ya upole na haraka nyingi. Alimtazama Boni kwa muda kupitia mbao, akauliza ni lini mbwa hawa walidungwa mara ya mwisho chanjo ya kichaa. Anti akasema ni wakati wa meneja. Daktari akatingisha kichwa.

"Na siku hizi mbili umempa nini?"

"Sijampa kitu. Ugali na mifupa, kama wenzake."

"Hakuna dawa? Hakuna sumu ya panya hapo ndani?"

"Hakuna." Anti akageuka kutazama boma la ng'ombe. "Isipokuwa ile sindano ya ng'ombe. Lakini hiyo nilidunga wote."

Hapa lazima nieleze sindano hiyo. Akina mama wa mlima aliokaa Anti, wenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, walikuwa na kikundi, na kikundi kilinunua kwa pamoja chupa ya dawa mpya, ile inayoua minyoo ndani na kupe nje. Chupa ilitembea nyumba hadi nyumba na bomba lake la sindano. Ikifika kwako, unadunga ng'ombe, unampelekea jirani. Anti alikuwa nyumba ya mwisho, kwa hivyo kilichobaki kwenye chupa kilikuwa chake, na kwetu dawa haimwagwi, kama vile maziwa hayamwagwi. Ng'ombe walipata, ndama wakapata, na mbwa, ambao nao walikuwa na kupe, wakapata kila mmoja kwa ukubwa wake. Wanawake wote walifanya hivyo na mbwa wao. Hakuna aliyewahi kuona ubaya.

"Unaona?" Mzee Johana akasema kutoka kwenye stuli. "Kama ni dawa, mbona Meja amesimama hapo anatutazama? Mbona hako kengine kanakula kiatu cha daktari?"

Ilikuwa kweli. Soseji alikuwa ameshika kamba za kiatu. Na mimi niliona Mzee amesema jambo la maana; nilimtazama daktari nione atajibu nini.

Daktari Onyancha alivuta mguu wake pole pole. "Mzee, wewe unakunywa maziwa na hakuna kitu. Kuna mtu akinywa kikombe kimoja tumbo linavimba. Maziwa ni yale yale. Hawa koli, wengi wao, dawa hii inaingia mpaka kwenye ubongo. Kwa mbwa wengine haifiki huko. Wamezaliwa hivyo, kama Alsesheni anavyozaliwa na nyonga mbaya." Akafuta miwani. "Ninajua kwa sababu nilimuua mmoja hivi hivi nikiwa Kitale. Nilimdunga mwenyewe, nikijua ninamsaidia."

"Kwa hivyo si kichaa," Anti akasema.

"Sijasema hivyo. Nimesema inaweza kuwa dawa. Kichaa nacho kinaweza kuonekana hivi. Mtoto aendelee na sindano za dispensari, hakuna kubahatisha hapo. Mbwa abaki amefungiwa. Kama ni kichaa, atakufa siku chache hizi, hakuna njia nyingine. Kama ni dawa, anaweza kulala kama maiti wiki nzima na bado aamke. Au asiamke."

"Kuna dawa ya kuondoa hiyo dawa?"

"Hakuna, mama. Ni kumweka hai mpaka iishe yenyewe."

Alivaa glavu, akamdunga Boni maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, akatuonyesha namna ya kufanya. Alituachia glavu, sindano na chupa za maji hayo. Alituambia tusimnyweshe kitu kwa mdomo, maana anaweza kupaliwa, na tumgeuze upande mara kwa mara asipate vidonda.

Basi Anti akahamia kwenye banda la ndama. Alimgeuza Boni, akamfunika blanketi lake mwenyewe, akampaka maji machoni kwa kitambaa kwa kuwa hayakufumba. Mimi nilileta maji ya moto kwenye chupa tuiegemeze kwenye tumbo lake. Anti alikuwa anaongea naye Kipsigis muda wote, maneno ya kawaida tu, kwamba chai imechipua vizuri, kwamba bata wa Johana wameharibika tabia. Siku moja nilimsikia akisema, "Nilikutoa kwenye bunduki, halafu nikakuua na bomba la sindano." Nikarudi nyuma na chupa yangu, nikangoja kidogo kabla ya kuingia.

Mzee Johana naye hakuondoka. Alienda nyumbani kula na kulala, akarudi. Mwanzoni alikaa na rungu. Baadaye rungu liliegemezwa ukutani na Mzee akawa anashika taa ya Anti, au kumletea magogo ya kuni. "Mimi hata mke wangu hajawahi kunifunika hivyo," alisema siku moja. Tecla, aliyekuwa analeta chai, akamwambia, "Wewe lala kama Boni kwanza, unyamaze wiki nzima, tuone."

Siku ambazo kichaa kingemuua zilipita. Boni hakufa, ila hakuamka.

Halafu asubuhi moja nilienda kufungua kuku. Mlango wa banda la ndama ulikuwa na nafasi chini, na kuku mmoja akaingia kuchokora majani ya ndama. Nikasikia kitu kikijikokota. Nilichungulia. Boni alikuwa amesimama kwa miguu minne iliyopanuka, kichwa chini, anayumba, na pua yake ilikuwa inamsukuma yule kuku kuelekea mlangoni. Alimkosa, akasukuma hewa, akamtafuta kwa kusikiliza, akampata.

Anti alikuwa ameketi kwenye majani na mkono mdomoni. Alinionyesha nisiseme.

Mzee Johana alikuja nyuma yangu, akachungulia juu ya kichwa changu kwa muda mrefu. "Lete maji," akaniambia. Nilileta sufuria. Mzee aliipokea, akaisukuma ndani chini ya mlango kwa ncha ya rungu, akaendelea kuchungulia. Boni alinusa, akaweka ulimi, akanywa. Aliendelea kunywa mpaka sufuria ikagonga mbao. Mzee Johana akavua kofia, akaivaa tena.

Daktari alipokuja alisema macho yatarudi, na yalirudi kidogo kidogo, lile la kulia kwanza. Kipkurui alimaliza sindano zake na akapewa kazi ya kumwongoza Boni kwa kamba mpaka aone vizuri.

Desemba nilikuwa pale chupa ya kikundi ilipofika tena mwisho wa mlima. Anti alimfungia Boni jikoni kabla hata ya kuifungua. Alidunga ng'ombe, akadunga ndama. Meja na Soseji walikaa wakingoja zamu yao. Anti akakikaza kifuniko cha chupa.

"Mama Kiptum, imebaki," Tecla akasema. "Na mbwa?"

"Hii ni ya ng'ombe. Ya mbwa nitachukua kwa Onyancha."

"Sasa hii tumwage?"

Hakuna aliyewahi kumwaga. Anti akaipima chupa kwenye mwanga. "Una ndama mpya," akamwambia. "Chukua." Mzee Johana, aliyekuwa amemleta mbwa wake mwekundu kwa kamba ili naye adungwe, akaanza kumvuta kurudi naye nyumbani. Halafu akasimama, akamrudisha.

"Huyu wangu naye," akamwuliza Anti, "ni wa aina gani?"