Karatasi Kumi Tupu za Jumatatu

Wewe unayetelezesha kidole upite, nakuona. Umeshazoea kupita. Leo simama.

Nimesoma uamuzi wa kikao ambacho hakijawahi kufanyika. Sahihi yangu ipo. Haijaghushiwa. Ni yangu.

Kiwanda cha viatu, watu elfu mbili. Mwaka juzi meneja alitugawa timu za watu wanane wanane.

"Hakuna wasimamizi tena! Kampuni kubwa lazima iwe nyepesi. Jiongozeni!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Na sitasema uongo, ilikuwa raha. Mashine ikigoma, tunaamua wenyewe, saa moja imepona. Zamani ungesubiri siku tatu.

Kero ilikuwa moja: kila uamuzi uandikwe, wote wanane watie sahihi. Basi mimi, mjuaji, nikasema kila Jumatatu tusaini karatasi kumi tupu, tutajaza baadaye.

Mama Pacha, mkata ngozi wetu, akagoma.

"Nisaini hewa? Kwani nimelogwa?"

"Mama Pacha, unatuchelewesha bwana! Humu si sote ndugu?"

Akasaini wa mwisho, akanisonya.

Faili la karatasi hizo likakaa kwa shemeji, kaka wa mke wangu, naye wa timu yetu. Ungemshuku?

Siku moja kinga ya mashine ya kukatia ikavunjika. Tukaizima, tukaomba mpya. Meneja akaja na tabasamu lake.

"Washeni, jamani. Kinga inakuja kesho."

Tukawasha. Kesho ikafika. Kinga haikufika. Mashine ikala vidole viwili vya Mama Pacha.

Wiki iliyofuata akaletewa barua ya kuachishwa kazi, na karatasi nyuma yake: "Timu imeamua yenyewe kuendelea bila kinga, kwa pendekezo la mkata ngozi." Sahihi nane chini.

Mwandiko ule naujua. Ndio ulioandika kadi za harusi yangu.

Nikamkuta shemeji kwenye meza mpya, kitambulisho kipya shingoni: Mlezi wa Timu.

"Shemeji, umeandika wewe hii?"

"Nimejaza tu. Kusaini mlisaini wenyewe."

"Mtu aliyekuwa anakugawia chai yake kila asubuhi!"

Akaniangalia usoni, bila hata haya.

"Na nani alimshikia bango asaini? Mimi?"

Nikaikunja karatasi, nikatoka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema nguo yenyewe unaweza kuwa umeishona wewe.

Nilipokwenda kwake, Mama Pacha alinipa mkono wa kushoto. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ijumaa rufaa yake inasikilizwa. Nitasimama niseme karatasi zilikuwa tupu, na wazo lilikuwa langu. Kazi yangu ikiota mbawa, na iote.

Wakikwambia jiongoze, uliza kwanza lawama itamwangukia nani. Sisi hatukuuliza. Tulipiga makofi.

Na wewe, kuna karatasi yenye sahihi yako kwenye kabati la mtu, haina neno hata moja juu yake. Unaijua.

Usiniandikie pole. Weka simu chini, inuka, kaidai, uichane. Sasa hivi, kabla haijajazwa.