Mgeni wa Chumba Namba Nne

KATY, Texas

Ni saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Hamdiya Abdulhalim anavua viatu mlangoni, ananawa mikono, anaingia chumba cha nyuma na kufungua pazia. Nje kuna majani ya jirani yaliyokatwa vizuri na bomba la kumwagilia linalozunguka. Kitandani, bibi wa miaka tisini na mmoja anamtazama kwa makini.

"Maji yamejaa au yamepwa?" anauliza bibi, kwa Kiingereza cha kwao.

Hamdiya anahesabu kwa vidole. Leo ni mwezi kumi na tano, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. "Yamepwa, Bi Enid. Bamvua hili la mwezi mpevu. Ndiyo kwanza yanaanza kurudi, yatajaa saa sita mchana."

Bibi anaitikia kwa kichwa na kunyoosha mikono avalishwe sweta. Bahari iliyo karibu na nyumba hii iko mwendo wa saa nzima na ushei kwa gari, na wala siyo hiyo anayoiulizia.

Hamdiya, 43, ni mzaliwa wa Bwejuu, Unguja, binti wa mama mkulima wa mwani. Anaishi mtaa wa Gulfton na mumewe, dereva wa lori, na binti yao Yumna. Siku tano kwa wiki huendesha gari dakika arobaini kuja Katy, foleni isipokuwepo, na foleni haikosekani. Analipwa dola kumi na tano kwa saa kumtunza Bi Enid, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka mitatu sasa.

Bi Enid amepoteza kumbukumbu. Nyumba ni ya binti yake, Gaynor, mhasibu, ambaye siku nyingine mama humwita "yule mwanamke mwema." Lakini Marsby hajaisahau. Huo ni mji mdogo wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, alikozaliwa na kuishi hadi alipokuwa mjane.

"Carers wa mwanzo walikuwa wanamkatalia," anasema Hamdiya. "Wanamwambia, hakuna sea hapa, you're in Texas. Analia mpaka jioni. Mie nikasema, sasa utagombana na mtu mzima juu ya bahari?"

Akaanza kumjibu kwa hesabu aliyofundishwa na mama yake, ya kusoma maji kwa tarehe ya mwezi. Wiki ya kwanza alimwambia kwamba mwezi mpevu maji hujaa saa kumi, kama Bwejuu. Bibi alimkaripia palepale. Mtu asiyekumbuka kama amekunywa chai alijua kwamba Marsby, mwezi ukipevuka, maji hujaa saa sita.

"Nikaenda ku-google. Kweli! Tangu siku hiyo nimeitia akilini saa ya kwao," anasema, akicheka.

Hamdiya hajawahi kukanyaga Uingereza. Lakini kaa naye dakika tano atakutembeza Marsby yote, na usipomzuia mtachelewa chakula. Atakwambia palikuwa kijiji cha wavuvi wa kamba mpaka reli ilipofika. Kisha wakaja wafanyakazi wa viwanda vya nguo, mji mzima kwa wakati mmoja, maana viwanda vyao vilifungwa wiki moja tu kwa mwaka. Kila nyumba yenye kitanda cha ziada ikageuka nyumba ya wageni. Atakwambia jinsi dhoruba ilivyobomoa gati la wageni kupunga upepo, na jinsi ndege za bei rahisi zilivyowapeleka wageni Uhispania, nyumba zikafungwa moja moja.

"Kama kwetu tu," anasema. "Mgeni akija mnakula, asipokuja mnatazamana."

Nyumba ya kina Enid ilikuwa na vyumba sita. Msichana Enid alipanda ngazi na mabirika ya maji ya moto, akashuka na sahani. Yote haya Hamdiya aliyasikia mara mia, na anakiri kwamba mara nyingine alikuwa akiitikia tu huku akikunja nguo. Laiti angelisikiliza vizuri.

Ramadhani ya mwaka huu, akili ikiwa imezidi kurudi Marsby kuliko miaka ya nyuma, Bi Enid aliacha kula mchana.

Siku ya kwanza walidhani tumbo. Siku ya nne akawa anaisukuma sahani hadi mbele ya Hamdiya na kukunja mikono. Jioni Gaynor akirudi, mama alikuwa amechoka mno hata kutafuna. Daktari akampima asione ugonjwa. Katika siku kumi alishuka kutoka kilo 46 hadi 43.

Gaynor hakuwa na roho mbaya, alikuwa ameogopa. Alimwita Hamdiya jikoni, akamwambia amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee yenye wauguzi. Mama akifika kilo 42, atahamishwa.

"Nika-panic," anasema Hamdiya. "Sikuwaza kazi, wallahi. Kazi zipo. Niliwaza, huko nani atamwambia maji yamejaa? Watamwambia yupo Texas."

Kesho yake, siku ya kumi na moja, aliweka mezani samaki wa kukaanga, mkate na siagi. Yeye mwenyewe, midomo mikavu, akaketi upande wa pili. Bibi alitazama samaki, akamtazama Hamdiya, akasema kwa upole, "Siwezi. Mgeni wa chumba namba nne hajala."

Hapo Hamdiya akaikumbuka ile hadithi aliyokuwa akiisikiliza kwa sikio moja. Kwao Bi Enid, mwenye nyumba na wanawe hawakugusa chakula mpaka mgeni wa mwisho aweke uma chini. Mara moja msichana Enid alimega kipande cha mkate kabla ya wakati, na mama yake akamzaba kofi.

"Mgeni ni mie," anasema. "Saumu yangu ndiyo iliyokuwa inamuua kwa njaa."

Alijaribu ujanja. Alipeleka kijiko mdomoni kitupu, akatafuna hewa. Lakini mtoto wa nyumba ya wageni huijua sahani iliyoliwa na sahani iliyochezewa, na Bi Enid hakudanganyika. Kuvunja saumu nako moyo ulikataa.

Jioni ile alibisha mlango wa jirani yake wa Gulfton, Annonciata, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, ambaye husafisha vyumba katika hoteli moja huko huko Katy kuanzia saa tisa alasiri.

"Nilimuuliza, shoga, unaweza kuja kula?" anakumbuka Hamdiya.

"Nikamwambia, mama Yumna, na sisi Wakatoliki tuko kwenye Kwaresima," anadakia Annonciata. "Halafu nikafikiria. Mimi nimefunga nyama, sijafunga samaki."

Gaynor alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema friji ni lao.

Saa sita mchana uliofuata, Annonciata aliketi mezani na sare yake ya hoteli. Alikula samaki, akala viazi, akapangusa sahani kwa mkate. Akaweka uma chini. Bi Enid alimuuliza kama ameshiba, akajibiwa ameshiba sana. Ndipo naye akavuta sahani yake, akala mpaka mwisho.

"Nilikwenda kusimama bafuni nikalia," anasema Hamdiya. "Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mie nilikuwa nausema tu."

Annonciata alikuja kila siku ya kazi hadi mfungo ulipokwisha, na hakuna aliyempa jembe. Anadai alinenepa Kwaresima nzima, na kwamba padri wake asiambiwe. Bi Enid alirudi kilo 45, na Gaynor akapiga simu kufuta ile nafasi.

Siku ya pili ya Idi, Hamdiya alikuja na bakuli la biriani, akapakua sahani mbili na kuketi. Alipotia tonge la kwanza mdomoni, Bi Enid alimsogezea chumvi.

"Umechelewa kushuka, mwanangu," alimwambia. "Ulilala vizuri?"

Ramadhani ijayo itaanza mapema zaidi, mwezi wa pili. Hamdiya ameshajiandaa.

"Daktari katwambia tusihesabu miezi. Mie nahesabu," anasema, akikunja sweta ya bibi. "Nishamwambia Annonciata, mwezi wa pili usichukue shift ya mchana. Akaniuliza, na kama bibi hayupo tena? Nikamwambia tu, usichukue shift."